Wa Mwisho Kuingia

Mpiga picha alinipata kupitia mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja ninayempelekea dawa za presha kila mwezi. Alikuwa akitafuta mtu mwenye skuta anayeujua mji wa kale hata akifumba macho, na asiyeogopa usiku. Yule mama akanitaja mimi, akaongeza kwamba nina mdomo lakini njia nazijua. Yote mawili ni kweli.

Mchana nabeba vifurushi: dawa, nyaraka, viatu vilivyotoka kushonwa, na siku moja meno ya bandia ambayo mtu aliyasahau kwa daktari. Usiku nalala kama watu wengine wenye akili. Lakini bwana huyu alikuwa na usiku sita tu kabla ya kurudi kwao, gari halipiti kule ndani, na kwa miguu, na mizigo yake ile, asingefika popote. Nilimtazama. Mrefu, mwembamba, begi mgongoni, stendi ya miguu mitatu begani, na viatu vya ngozi vyenye soli laini ambavyo nilijua vitamwangusha kwenye yale mawe. Vilimwangusha usiku wa kwanza, hatua kumi tu kutoka langoni. Alicheka mwenyewe kabla sijamcheka, nikaona basi, tutaelewana.

Alitaka kuupiga picha mji wa kale bila mtu hata mmoja ndani yake. Nilidhani atasubiri watu walale, kumbe sivyo. Kamera anaiweka juu ya stendi, anabonyeza, na jicho la kamera linabaki wazi dakika nne nzima. Mtu akipita mbele katika dakika hizo haonekani kwenye picha, kwa sababu hakukaa mahali pamoja vya kutosha. Paka akipita, haonekani. Mlevi akipita anaimba, haonekani. Anayeharibu picha ni anayesimama. Kwa hiyo kazi yangu ya pili, baada ya kuendesha, ikawa kuwafukuza wanaosimama kushangaa, na kazi hiyo Mungu alinijalia. Mlinzi mmoja wa langoni alikasirika kuambiwa haonekani. Akasimama wima dakika zote nne, kidevu juu, na yumo kwenye picha na koti lake lote. Mpiga picha alinung'unika ila hakuifuta.

Tulikuwa tunaanza saa tano usiku, maduka yakishafungwa. Nilimpeleka soko la ngozi, uani kwa wapaka rangi, kwenye mnara wa saa ambayo imesimama saa kumi na robo tangu sijazaliwa, na kwenye bomba la zamani ambalo jiwe lake limelika kwa ndoo. Kwenye kona alikuwa ananilalia upande usio wake, skuta ikitaka kwenda kushoto yeye anaivuta kulia. Nikamwambia ajifanye gunia la mchele, kwa sababu gunia halina maoni. Alijitahidi. Alikuwa mtu wa vipimo, kila kitu anakiandika kwenye kijitabu, hata muda wa mwezi kutoka nyuma ya wingu. Ananiita dada, namwita kaka, na chai ya chupa tunagawana kwa kifuniko kimoja.

Usiku wa nne tulipanda juu ya ukuta wa zamani. Kutoka pale unaona mapaa yote. Akaelekeza kidole kwenye kichochoro kimoja chenye ngazi pana na matao matatu, moja nyuma ya jingine, na mlango mmoja kule mwisho. Akaniuliza kwa nini hatujapita pale. Nikamwambia bomba la maji machafu limepasuka, huwezi hata kuvuta pumzi. Akaandika kwenye kijitabu.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake aliuliza kwenye nyumba ya wageni, akaambiwa hakuna bomba lililopasuka kule, wala hakujawahi kuwa na bomba. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba usiku wa kesho ndio wa mwisho, kwamba picha zote alizopiga ni nzuri lakini hakuna hata moja inayostahili kuwekwa mbele kwenye maonyesho yake, na kwamba ile ya kichochoro ndiyo. Akasema kama nina sababu ya kutopita pale anaiheshimu, atakwenda kwa miguu.

Sababu ninayo. Ule mlango wa mwisho ni wa nyumbani kwetu.

Kichochoro kile ni cha mafundi cherehani, na baba yangu ni fundi. Chumba cha mbele ndiyo karakana: meza ya kukatia, majora ya kitambaa ukutani, pasi mbili, cherehani mbili. Moja ya baba na moja ya mama. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na shangazi ambaye alikuja kukaa wiki mbili nikiwa na miaka mitatu na hajaondoka mpaka leo. Nyumba ilikuwa na sheria moja tu isiyovunjwa, na mama ndiye aliyeitunga. Taa ya mlangoni inazimwa na wa mwisho kuingia. Si anayeenda kulala, si anayeona inatosha. Wa mwisho kuingia. Ukikuta inawaka unajua kuna mtu yuko nje, ukikuta imezimwa unajua mko wote. Nilipokuwa na miaka mitano nililia kwa sababu nilikuwa wa mwisho na sikuifikia swichi, na mama akamwita fundi umeme aishushe. Mpaka leo swichi yetu iko usawa wa goti. Wageni huwa wanapapasa ukuta wote.

Mama alipofariki aliniachia cherehani yake. Alitamka mwenyewe, mbele ya shangazi. Sasa mimi kushona sijui na sikutaka kujua. Ukinipa suruali nikunje pindo, mguu mmoja utakuwa wa mwaka jana. Nikakaa mwaka mzima naitazama ile mashine, halafu nikaiuza nikanunua skuta, na sikumwuliza mtu. Baba alirudi kutoka sokoni akakuta pengo pale ilipokuwa. Alisema aliyeuza cherehani ya mama yake atamwuza na yeye. Nami, kwa mdomo huu huu, nikamjibu, "Wewe nani atakununua?"

Nilisema hivyo mbele ya wateja wawili. Baba aliondoa utepe wa kupimia shingoni, akaukunja, akauweka mezani, akaingia ndani. Jioni hiyo hiyo nilibeba nguo zangu nikavuka daraja kwenda mji mpya. Nilikuwa na hasira ya kutosha miezi mitatu. Ilipoisha ikabaki aibu, na aibu haina tarehe ya kuisha. Shangazi alikuwa ananibipu kila baada ya miezi miwili. Nikimpigia anasema amekosea kubonyeza, ananiuliza kama niko mzima, anakata. Baba hakupiga na mimi sikupiga. Nilipeleka vifurushi mji wa kale wote isipokuwa kichochoro hicho. Nilichokuwa nakiogopa ni kimoja: nibishe hodi, afungue, anitazame kama anavyomtazama mteja asiyemkumbuka.

Usiku wa mwisho nilimpeleka. Nilijidanganya kwamba ni dakika nne tu, kwamba saa nane usiku wote wamelala, na kwamba nikikaa na helmeti kichwani hata paka wa jirani hatanijua. Nilizima injini mwanzoni mwa kichochoro, tukaisukuma skuta kwa mkono hadi chini ya tao la kwanza. Pale pananuka vitambaa vipya na mafuta ya mashine. Sikutegemea harufu. Nilisimama kidogo nikijifanya nafunga kamba ya kiatu, na viatu vyangu havina kamba.

Mpiga picha akafungua stendi, akaweka kamera, akachungulia. Halafu akaguna. Mbele yetu matao matatu yalikuwa yamejipanga, mwezi unamwagika ubavuni mwa ngazi, na kule mwisho, katikati kabisa ya picha yake, juu ya mlango wetu, balbu inawaka. Balbu nyeupe, kali, inatutazama usoni. Akanieleza kwamba kwa dakika nne ile taa itakula kila kitu: mlango, tao la tatu, na nusu ya ngazi. Itabaki shimo jeupe.

Mimi nilikuwa nafanya hesabu nyingine. Saa nane usiku, taa inawaka, maana yake kuna mtu yuko nje. Baba haendi popote, macho yake hayafai giza. Shangazi akishakula saa moja na nusu hata nyumba iwake moto atauliza kama ni lazima aamke. Basi nani? Nikapata jibu upesi, na liliniuma. Wamepangisha chumba changu. Kuna mtu analala kitandani kwangu, anarudi saa anazotaka, na ameshafundishwa mpaka sheria ya taa. Nilikasirika kama mwenye haki. Mimi niliyeondoka kwa miguu yangu, nikakasirikia mpangaji ambaye sijamwona.

Mpiga picha akaniomba niende nikabishe hodi niwaombe wazime dakika tano, kwa kuwa mimi ni mwenyeji na nina maneno. Nikakataa. Akashangaa, kwa sababu siku zote sita sikuwahi kukataa kuzungumza na mtu. Nikamwambia aende mwenyewe. Akapanda ngazi taratibu na viatu vyake vile, ameshika ukuta.

Alibisha mara moja tu na mlango ukafunguka, kwa hiyo mtu alikuwa macho. Alikuwa baba. Nilimwona kutoka chini ya tao, ndani ya helmeti, na taa ikamwonyesha mzima. Amepungua. Shati limekuwa kubwa kwake, yeye ambaye hajawahi kuvaa kitu kisichomkaa. Utepe shingoni. Nyuma yake meza ilikuwa imejaa sare za shule, zile za bluu, maana shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na msimu huo huwa anashona mpaka alfajiri. Zamani walikuwa wanashona wawili. Nilisikia mpiga picha akisema shikamoo, akieleza, akionyesha kamera kwa mkono. Nilisikia sauti ya baba, ya chini, haina haraka. Maneno sikuyapata. Waliongea kwa muda mrefu kuliko ombi la kuzima balbu. Halafu mlango ukarudishwa na mpiga picha akashuka, mikono mfukoni.

Alikaa kwenye ngazi kando yangu, akamimina chai. Akaniambia imeshindikana, mzee amekataa kistaarabu kabisa, na amemkaribisha kahawa.

"Anasema nyumba yake ina utaratibu," akasema. "Wa mwisho kuingia ndiye anazima, na bado kuna mmoja hajaingia. Nikamwambia basi tutamsubiri. Akaniuliza tuna muda gani, kwa sababu yeye anamsubiri huu mwaka wa sita."

Alisema hivyo huku akitabasamu, kama mtu anayesimulia kitu kizuri alichokikuta safarini. Halafu akanigeukia na tabasamu likaisha. Sijui aliona nini, helmeti ilikuwa bado kichwani. Labda niliishika skuta vibaya. Alikuwa mtu wa vipimo, na nadhani alipima: bomba lisilokuwepo, kona tulizozizunguka, mwanamke mwenye mdomo aliyekataa kubisha hodi. Alichukua kifuniko cha chai kutoka mkononi mwake akaniwekea mkononi mwangu, nikanywa yote, ikaniunguza.

Nilivua helmeti. Nataka niseme nilipanda zile ngazi kwa ujasiri, lakini nilipanda kwa hofu, na nusu ya njia nilirudi kuchukua ufunguo wa skuta ambao sikuuhitaji. Niliposimama chini ya balbu niliona kwamba ni mpya. Chini yake, kwenye kona ya mlango, kulikuwa na kikopo, na ndani ya kikopo balbu zilizoungua, zimepangwa. Sikuzihesabu. Nilibisha.

Baba alifungua akidhani ni mpiga picha tena, na alikuwa ameshaanza kusema samahani. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, kama anavyomtazama mtu anayetaka kupimwa, na mimi mdomo wangu wote, uliozoea kufukuza walinzi, haukutoa hata shikamoo.

"Kama unavyoona, mama," akasema, "bado sijapata mnunuzi."

Nililia. Sikulia vizuri, nililia kama mtoto aliyepotea sokoni, mpaka shangazi akaamka, yeye ambaye hata nyumba ikiungua haamki. Alitokea amejifunga kanga, akanitazama, akasema nimekonda, akarudi ndani kuweka maji jikoni. Nilimwambia baba anisamehe kwa lile neno. Akasema lipi, yeye anasikia maneno mengi humu karakanani. Nikamwambia cherehani sina, na hata nikitaka kuirudisha sijui iko kwa nani.

"Nimekuuliza cherehani?" akasema. Kisha akachungulia nje, chini kule kwenye tao, macho yake mabovu yakitafuta. "Hiyo skuta iingize ndani, isije ikaibiwa. Halafu uzime taa. Shangazi yako ananisumbua na habari za umeme."

Nilishuka nikaisukuma skuta kupanda ngazi kwa ule upande ambao mafundi hupandishia mikokoteni. Mpiga picha alisukuma kwa nyuma, na kwa mara ya kwanza aliegemea upande unaotakiwa. Mlangoni akataka kurudi chini. Nikamkumbuka, nikamwuliza baba: na huyu je? Akiingia baadaye, si ndiye atakuwa wa mwisho? Baba akafikiri, maana sheria ni sheria.

"Huyo ni mgeni," akasema. "Hahesabiwi."

Skuta niliiweka pale pale kwenye pengo. Hakuna aliyekuwa ameweka kitu hapo, wala kigoda. Nilirudi mlangoni, nikafunga, nikainama mpaka usawa wa goti. Swichi ilikuwa pale pale, na ubavuni mwake ukuta umechakaa kwa vidole vyetu. Nikazima.

Kutoka chini, alikokuwa amerudi kwenye kamera yake, mpiga picha akaomba na taa ya ndani izimwe, kama haisumbui, dakika nne tu. Baba akazima taa ya mezani. Tulikaa watatu gizani kati ya sare za shule, maji ya chai yakianza kuimba jikoni. Shangazi alinishika mkono akaubonyeza. Sikumwambia kwamba safari hii hajakosea. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na uchungu wa miaka ile sita, na vyote viwili nilivisikia kwa pamoja. Dakika nne ni ndefu ukikaa hivyo. Baba alipowasha tena taa ya mezani alichukua shati la bluu akaendelea pale alipoachia, na akanipa kazi ya kukata nyuzi, kazi ya mtoto, akisema hiyo labda nitaiweza.

Mpiga picha alipata kahawa yake, akalala juu ya majora ya kitambaa, na alfajiri nikampeleka kituoni. Njiani aliegemea vizuri kila kona.

Maonyesho yake yalifanyika miezi mitano baadaye, katika ukumbi wa maktaba mji mpya. Alitutumia kadi tatu. Shangazi alisema hataki kwenda kutazama giza kwenye fremu, kisha akawa wa kwanza kuvaa. Ile picha ilikuwa mbele kabisa, kubwa kuliko zote: matao matatu, mwezi kwenye ngazi, na kule mwisho mlango mweusi usio na taa. Baba aliisogelea mpaka pua ikakaribia kioo, akaangalia tao, akasema chokaa inahitaji kurudiwa. Halafu akaenda kumtafuta mpiga picha, kwa sababu alikuwa amemwona na koti ambalo mabega yake hayakukaa, na lilikuwa linamkera tangu mlangoni.

Nilibaki peke yangu mbele ya picha. Mama mmoja aliyevaa miwani akasimama kando yangu, akaitazama muda mrefu, akatikisa kichwa. Alisema inasikitisha, nyumba nzuri kama ile, na hakuna mtu.

Nikamwambia wapo, ila wote wameshaingia.